Sauti Aliyoachiwa Dada

Wiki chache kabla hajafariki, mama aliniomba nimrekodi. Alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, nyumbani kwetu Mwika, hawezi tena kumeza hata mtori, supu yetu laini ya ndizi, ila chai kidogo tu.

"Washa hiyo simu, kisha utoke," aliniambia. "Haya ni ya dada yako. Wewe usiyasikilize."

Dada yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, na alikuwa hajasemezana na mama kwa miaka mingi. Niliiweka simu mezani, nikatoka nje kwenye migomba. Nilimsikia akiongea Kichagga, taratibu, akikohoa. Nikasogea mbali zaidi nisije nikashika maneno.

Rekodi ile niliihifadhi kwenye akaunti yangu ya mtandaoni. Ningeweza kumtumia dada siku ileile. Sikumtumia. Nilitaka kumkabidhi ana kwa ana, nijione mimi ndiye niliyewapatanisha.

Siku moja kabla ya mazishi, simu ilinitumbukia kwenye mfereji nikichota maji. Dada alipofika kuzika nikamwambia, "Mama amekuachia ujumbe kwa sauti yake. Nikipata simu nyingine nitakupa." Aliitikia kwa kichwa tu, lakini alinishika mkono.

Nikanunua simu Moshi mjini, nikaandika paswadi. Ikakataa. Nilikuwa nimeibadilisha miezi ya nyuma bila kuiandika popote. Simu ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiikumbuka. Nilijaribu majina ya watoto, miaka ya kuzaliwa, herufi kubwa, herufi ndogo. Mwishowe nikaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwenye laini yangu. Ilikuwa laini niliyoacha kuitumia zamani.

Nikaipiga. Akapokea mama mmoja, akadhani ni mteja, akaniambia anauza mahindi sokoni Himo. Laini ilikwishauzwa upya, sasa ni yake.

"Samahani mama, kuna ujumbe wenye tarakimu sita umeingia kwako. Naomba unisomee."

"Kila siku tunaambiwa namba hizo tusimpe mtu," akasema. "Katafute mwingine wa kumwibia." Akakata.

Sikumlaumu. Kesho yake nikashuka Himo na kitambulisho changu, na ratiba ya mazishi yenye picha ya mama. Aliitazama picha, akanivutia kigoda. "Pole sana, dada," akasema, akanipa simu yake. Nikaomba namba nyingine itumwe. Haikuja, nilikuwa nimejaribu mara nyingi mno. Nikarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Siku namba ilipokuja niliiingiza. Wenye mtandao wakadai pia paswadi ya mwisho ninayoikumbuka. Nikaandika moja. Jibu likaja: hatukuweza kuthibitisha kuwa akaunti hii ni yako.

Nilimweleza dada alipokuja siku ya kuweka msalaba kaburini. Tulikuwa wawili jikoni, tukimenya ndizi.

"Hukusikiliza hata kidogo?"

"Alinikataza."

"Ungesikiliza," alisema. Akaendelea kumenya. Baadaye akauliza, "Alikuwa analia?"

"Sikusikia kilio. Alikuwa akikohoa."

"Aliongea kwa muda gani?"

"Muda mrefu. Chai niliyomwachia ilipoa."

Aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaenda kupanga nguo zake. Asubuhi aliondoka kabla wengine hawajaamka. Siku hizi hunipigia sikukuu, huulizia watoto na ng'ombe, na nikimtaja mama husema mtandao unasumbua.