Chujio Nililomfungisha Shemeji

Nimeua turbo ya gari la shemeji yangu kwa mdomo.

Kiangazi kilipoanza nilimkomalia Hamisi, kaka wa mke wangu, pale Makambako: toa chujio la hewa la karatasi, funga la wazi la magari ya mashindano, injini ipumue!

"Na vumbi la njia ya Ludewa, shemeji?"

Nikamwita adui wa maendeleo mbele ya watu. Akafunga.

Leo gari hilo, linalolisha watoto wake, limezima njiani na viazi vya watu. Fundi amekuta turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, imeliwa na vumbi.

"Nani alikushauri upuuzi huu?"

Nilikuwa nimesimama hapohapo.

"Niliamua mwenyewe, fundi," Hamisi akajibu.

Kisha akanigeukia, bila kejeli: "Sasa tufunge lipi, shemeji?"

Jamani, mngemjibu nini?