Mkeka Nilioukunja

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwenye karakana yangu ya ushonaji hapa Kendu Bay wanajua: nikiingia nimenyamaza, kila mtu anajifanya ana kazi.

Tulikuwa watano. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja wa Rusinga aliyenifundisha kushika mkasi nikiwa msichana. Baadaye mambo yakageuka, mimi nikamwajiri yeye. Saa saba mchana tulikuwa tukitandika mkeka katikati ya chumba, tunazunguka sinia moja la ugali na omena, na tukishashiba yule mama anamwaga vipande vya vitambaa pale pale. Huyu anakunja, yule anageuza, mwingine anacheka. "Na kama kola ingekaa hivi?" Mitindo yetu yote ilitoka hapo.

Basi nikaenda semina Homa Bay, kuhusu mazingira ya kazi yanayochochea ubunifu. Nikarudi najiona mtaalamu. Nikapaka ukuta rangi ya chungwa. Kila fundi nikampa meza yake ikielekea ukutani, asisumbuliwe na mtu. Mkeka nikaukunja nikausukuma nyuma ya mlango, eti wateja watadhani tuko matangani. Nikatundika na ubao wa kuandikia mawazo mapya.

Ubao ulikaa mtupu wiki sita. Mtu mmoja tu ndiye aliyeandika, akaandika, "Sabuni imeisha."

Kisha kwaya moja ya Kisabato ikataka majoho yasiyofanana na ya mtu yeyote. Nikasubiri mawazo. Wapi! Yule mama ndiye aliyeniudhi zaidi. Yeye aliyekuwa na mitindo kumi kabla ya chai, sasa alishona tu, kimya, mgongo kwangu. Nikajua amenuna kwa sababu ya mkeka. Alhamisi akaniambia kesho atatoka mapema kujiandaa kwa Sabato kama kawaida, ila Jumatatu tusimngoje.

"Nimezeeka, nyathina," akasema; hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mwanangu. "Hapa sifai tena."

Niliumia, na mimi nikiumia hukasirika. Nikamjibu, "Haya, safari njema."

Ijumaa asubuhi nikamwita kuhusu zipu. Hakugeuka. Nikaita tena. Mara ya tatu nilipayuka hadi cherehani zote zikanyamaza, isipokuwa yake. Aliendelea kukanyaga pedali taratibu tu.

Fundi wa meza ya pili akanisogelea. "Hasikii," akasema. "Miaka miwili sasa. Huwa anasoma midomo. Sisi wote tunajua."

"Wote?"

"Wewe huwa unaongea ukipita, hungoji jibu."

Uwii! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimemgeuza mtu atazame ukuta, nikamnyang'anya nyuso zetu zote, halafu nikamlaumu kwa kukosa la kusema.

Nikavuta meza ya kwanza kutoka ukutani, ikakwaruza sakafu. Wenzangu wakaelewa, wakashika zao. Tukazipanga duara, yake tukaigeuza mwisho, naye ameketi pale pale mikono juu, anatushangaa kama tumerukwa na akili. Nikatandika mkeka na vumbi lake. Kisha nikachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, nikasema polepole, "Nisamehe, Mama. Usiende."

Akanitazama midomo. "Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, machozi yananitoka.

"Nilishaona mara ya kwanza," akasema. "Ni vile sijawahi kukuona ukiomba msamaha."

Akainuka, akachukua kikapu cha vipande, akavimwaga mkekani. 

"Haya, majoho," akasema. "Nani anaanza? Lakini mniangalie mkiongea."