Wanafunzi Wawili wa Nyumba Moja

Refa alikuwa msusi. Jina hilo alilipata kwenye uwanja wa netiboli, ambako kila Jumamosi alichezesha mechi za akina mama akiwa na filimbi shingoni, nalo likamfuata hadi saluni na nyumbani. Halikukosea njia. Mwanamke yule aliamua ugomvi wa wateja huku chanuo liko mdomoni, na mumewe, fundi bomba, alikiri mwenyewe kwamba tangu waoane hajawahi kukata rufaa.

Sasa klabu ya netiboli ilitaka meneja, na viongozi wakasema lazima awe na cheti. Refa, aliyekitaka cheo hicho, hakuona ajabu. Asubuhi moja alifunga saluni, akaenda chuo kilicho mtaa wa pili, akajiandikisha kozi ya uongozi wa michezo. Jioni akaitangaza habari hiyo mezani. Mumewe akampongeza. Kitindamimba wao, binti pekee, akaacha kutafuna, kwa kuwa naye alikuwa ameshajiandikisha kozi hiyohiyo, chuo hichohicho.

"Mama, kwani hakuna vyuo vingine?"

"Vipo. Lakini hiki ndicho kiko karibu na saluni."

"Basi nakuomba kitu kimoja tu. Tukifika pale, mimi na wewe hatujuani."

Refa alicheka akidhani ni utani. Alipomtazama binti usoni akaona hakuna utani hapo. Ilimuuma, tena ilimuuma sana, kwa maana huyu ndiye mtoto aliyempata baada ya kukata tamaa ya kuzaa wa kike. Lakini aliona pia jinsi binti alivyokuwa na wasiwasi, kakaza shingo kama mtu anayengoja sindano. Akakubali, baba mtu akiwa shahidi.

"Sawa. Hatujuani."

Siku ya kwanza walitoka nyumbani pamoja, wakaachana kwenye kona ya duka la dawa kama wezi waliokwisha gawana mali. Binti alitangulia. Refa akabaki pale anasoma tangazo la dawa ya minyoo, mwanzo hadi mwisho, mpaka mwenzake alipopotea machoni, ndipo naye akaenda.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Vijana wa darasa lile walikuwa na adabu zao. Mtu mzima mwenye kilemba kichwani na mkoba uliojaa vibanio, wangemwitaje? "Shikamoo, Mama." "Mama, njoo ukae huku mbele." "Mama, hiyo umeielewa?" Haikupita wiki chuo kizima kikawa kinamwita Mama, mlinzi wa getini na mpishi wa kantini wakiwemo. Aliyekosekana ni mmoja tu, naye ndiye mwenye haki. Binti alipotaka kuazima kalamu alisema "samahani," huku akilitazama dirisha.

Somo la sosholojia lilikuwa mateso. Mhadhiri aliwataka waeleze mgogoro wa vizazi kwa kutumia familia wanayoijua. Binti akasimama, akaeleza habari za "mama mmoja jirani yetu" anayepekua mkoba wa bintiye, anayewapigia simu rafiki za bintiye kuwauliza wamekula nini, na anayesimamisha mabishano ya sebuleni kwa filimbi. Darasa likavunjika mbavu. Mhadhiri akauliza kama kuna mwenye swali. Refa alikuwa nayo mengi, lakini alijikaza kisabuni, akainamia daftari na kuandika maneno "mamlaka ya mzazi," akayapigia mstari. Jioni ile sufuria zilibamizwa hadi baba mtu akauliza hicho chuo kinafundisha nini hasa.

Halafu kulikuwa na Kihispania. Mkuu wa chuo aliamini kwamba kiongozi wa michezo asiyekijua atapitwa na wachezaji wa nje, kwa hiyo kila mwanafunzi alilazimika kukisoma. Mwalimu wake alikuwa kijana mwembamba mwenye tai fupi, na aliyependa maigizo kuliko chakula. Siku ya mtihani wa kuongea aliwapanga wawili wawili kwa kufuata viti, na viti vikamtupa Refa kwa binti yake.

"Wewe Mama utakuwa mama," mwalimu akasema. "Na wewe ni binti. Mmeenda dukani kununua viatu vya harusi. Haya!"

Kihispania cha Refa kilikuwa cha kuokoteza, ila hakikuwa na woga. Binti akachagua viatu virefu. Refa akavigeuza hewani, akakagua soli isiyokuwepo, akasema vitamvunja mguu, achukue vile bapa. Binti akasema yeye ni mtu mzima. Refa akajibu kwamba mtu mzima haachi taulo bichi kitandani. Hilo la taulo halikuwa kitabuni. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akainua mkono.

"Simameni! Mama, samahani, lugha inapita. Lakini uigizaji! Mama gani anamgombeza mwanawe dukani mbele za watu? Sioni mapenzi. Kwani wewe una watoto?"

Refa alikuwa na wanne. Lakini alishatoa neno lake, na yeye hakuwa mtu wa kugeuza uamuzi.

"Ninao watatu," akasema polepole. "Wote wa kiume."

"Ndiyo maana! Hujui mtoto wa kike anavyoongeleshwa. Nakupa nusu ya alama."

"Anajua!"

Binti ndiye aliyepiga kelele hiyo.

"Anajua, mwalimu! Huyu ni mama yangu. Mimi ndiye wa nne. Na hilo taulo ni langu, nimeliacha leo asubuhi, yeye ndiye ameliondoa. Wewe umemjua lini hadi useme hana mapenzi? Kila siku yuko hivihivi, na sitaki awe mwingine!"

Refa alijisikia kama aliyetuliwa mzigo kichwani, akatamani acheze pale pale. Badala yake akamgeukia binti.

"Wee! Unamfokea mwalimu? Ndivyo nilivyokulea? Mwombe radhi."

"Nisamehe, mwalimu."

"Sauti."

"Nisamehe, mwalimu!"

Mwalimu alirekebisha tai yake, akafuta ile alama.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini huu ni mtihani. Hayo yote mliyoyasema, rudieni kwa Kihispania."

Refa alishindwa kuanza. Alikuwa analia mbele ya watu wote, bila hata kujificha. Basi binti akamshika mkono, akaligeukia darasa, na akaanza yeye, polepole, ili asikosee hata neno moja: huyu ni mama yangu.