Jini Mbele ya Zahanati

Jumatatu, saa nne asubuhi, mama mmoja wa visiwa vya kaskazini aliingia katika ofisi ya afya mjini Lamu kuomba nesi. Zahanati ya kijiji chao imefungwa tangu Ramadhani. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Alipotoa salamu, karani aliacha kuandika. "Bi, sauti hii naijua. Si wewe unayesimulia hadithi mtandaoni? Ile ya jini aliyekuta zahanati ina kufuli?"

"Ni mimi."

"Kwetu Matondoni wamecheka hadi mbavu zawauma. Ehe, jini alipata dawa?"

"Hakupata. Na binti yangu ana mimba ya miezi minane. Niliitunga mpate kuja, bwana, si mpate kucheka."

Karani akaipokea barua yake ya maombi, akaigonga muhuri. Kisha akatoa simu, akaomba wapige picha pamoja. Mama akakataa kwa kiganja.

Sisi wa magazeti hatuchoki kuandika kwamba mtandao umefikisha sauti za visiwani ofisini. Ni kweli, zimefika, na wenye ofisi wanazipenda.

Alhamisi nilimpigia simu yule mama. Binti amehamia kwa shangaziye Wiyoni, hapa mjini Lamu, kungoja kujifungua. Nesi hajapelekwa.