Lenzi ya Tulinagwe Ilivyokwama

Tulinagwe hakumwazima mtu lenzi yake hata siku moja. Kamera utapewa, miguu ya kuisimamishia utapewa, pazia la nyuma lenye maua utapewa, lakini lenzi ile, thubutu! Aliinunua enzi za mikanda ya filamu, kwa vibarua vya kuchuma chai, msimu baada ya msimu, watu wakimcheka: mwanamke na kamera wapi na wapi? Walicheka mpaka walipoanza kuzeeka. Ndipo wakajipanga mlangoni kwake pale Tukuyu, wapigwe picha kabla meno hayajaisha.

Kamera ya mikanda ilikufa, lenzi ikabaki. Akapata kamera ya kisasa, na katikati yake akaweka adapta. Ni pete ya chuma, nene kama bangili, upande mmoja inashika lenzi ya zamani, upande wa pili inashika kamera mpya. Unazungusha kidogo, inalia "ka!", imejifunga. Na kwa kuwa ukungu wa Tukuyu hauna adabu, unaingia hata ndani ya kioo, aliihifadhi lenzi na adapta kila kimoja peke yake, ndani ya kopo la mchele mkavu. Mchele unakunywa unyevu, hilo halihitaji shule.

Kopo hilo walilijua watu wawili tu, yeye na Prisca. Huyo Prisca, mama Lilian, ni wa Kisondela, rafiki yake wa miaka ishirini na ushee. Tulinagwe alipiga, Prisca alipanga watu: wewe shusha mabega, wewe funga mdomo nzi wataingia. Watoto wao, Lilian na Hellen, walinyonya pamoja. Tulinagwe alipofiwa na mume, Prisca ndiye aliyelala naye chini mkekani mpaka matanga yakaisha.

Sasa mzee Jacob wa Kinyala akamwita. Pumzi zilikuwa zimeanza kumpungua.

"Mwanangu, nataka picha ya kuweka juu ya jeneza langu. Sitaki ile ya simu, wanaivuta mpaka uso unakuwa kama kande. Marehemu mke wangu ulimpiga kwa lile jicho lako la zamani, akatoka kama anataka kusema neno. Na mimi nipige kwa lilo hilo, tukae ukutani tumefanana."

"Jumamosi, taata," akaahidi.

Jumamosi asubuhi akafungua kopo, akakuta lenzi na adapta zimeshikana, pete imeishia nusu ya njia, imekaa kombo. Akaibandika kwenye kamera hivyo hivyo, akaupiga picha mgomba wa dirishani. Upande mmoja majani yanahesabika, upande wa pili mtindi mtupu.

Akazungusha kwa mkono. Wapi. Akazungusha kwa kanga. Wapi. Plaizi ilikuwepo, hakuigusa, chuma kwa chuma ni kuumizana. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaivisha ile pete ipate kushikika, akachovya njiti ya pamba kwenye spiriti, akawa anadondosha tone moja moja ufani. Robo saa, nusu saa. Likaanza kutoka tope la kijani, linanata kama ulimbo. Akalisogeza puani.

Parachichi.

Kule Kisondela mafuta ya parachichi wanakamua nyumbani. Wanapaka nywele, wanapaka watoto, wanapaka hata bawaba za milango. Hakuna ubaya. Lakini yakikutana na pumba ya mchele iliyojificha kwenye pete, hayawi mafuta tena, ni gundi.

Prisca akaingia, anakung'uta mwavuli.

"Umeamkaje, mama Hellen?"

"Nimeamka. Njoo unuse."

Prisca akainama. "Nanusa nini sasa?"

"Nywele zako."

Prisca akacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Aa, nilikuwa naisafisha tu, dada. Niliona inagoma kuingia, nikailainisha kidogo."

"Uliigusa ya nini?"

"Si nimekwambia, kusafisha! Jamani, kitu chenyewe kizee kuliko sisi."

"Kizee, lakini hakijawahi kunidanganya."

"Na mvua hii utaenda kweli Kinyala? Nasikia mzee hataki wageni."

Tulinagwe akakaza kile kipande cha tyubu, akazungusha, na pete ikaachia. Akaifuta, akaifunga upya. Ka! Akavaa koti, akapanda bodaboda.

Njiani alikuwa ameanza kumsamehe. Mtu kakosea kwa mafuta, basi, nani hakosei?

Alimkuta mzee Jacob kibarazani, amejifunika blanketi, na mkwewe Winfrida anamenya ndizi.

"Ndaga, mwanangu. Umekuja kunisalimia?"

"Nimekuja kukupiga picha, taata."

"Ipi tena? Si ulimtuma mwenzako Jumanne?"

Winfrida akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na picha. Mzee alikuwa amevaa suti. Jicho moja safi, linatazama, la pili limezama kwenye ukungu.

"Yeye alisema nini?" Tulinagwe aliuliza taratibu.

Winfrida akatazama chini. "Alisema una mtoto wa jicho, bibi, unaona aibu kutuambia. Akasema kuanzia sasa kazi za picha tumwite yeye, tusikusumbue."

Miaka ishirini na ushee. Tulinagwe alihisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Macho yangu mazima," akasema. "Kaa vizuri, taata. Dakika moja tu."

"Hapana."

"Taata, hii imeharibika!"

"Naiona. Lakini picha ya jeneza mtu hakai mara mbili. Yule mgeni wangu wa mwisho yuko njiani tayari. Nikimwita mara ya pili atakuja mbio. Hapana, mwanangu."

Akambembeleza. Winfrida naye akambembeleza. Mzee akageuza uso ukutani, na mtu wa ukaidi anamjua mkaidi mwenzake.

Tulinagwe akaigeuza ile picha. Nyuma yake kulikuwa na mhuri wa studio, wino bado mpya: TULINAGWE PICHA, TUKUYU.

"Winfrida, nipe kalamu."

Akalifuta jina lake, mistari mitano, kwa nguvu mpaka karatasi ikakwaruzika. Chini yake akaandika kwa mkono wake, herufi moja moja kama anachimbia nguzo: PRISCA.

"Mbona unaiharibu?" mzee akauliza.

"Siiharibu, taata. Naandika aliyepiga."

Mzee akalisoma jina. "Kwa hiyo mke wangu pale ukutani ana jina lako, na mimi nitazikwa na la mwingine."

"Ndivyo ilivyo, taata," akajibu, akamrudishia picha yake kwa mikono miwili.