Jeneza Jepesi la Kashebere

Mkinicheka baada ya kusoma haya, sitawalaumu. Mimi ni mwalimu wa fasihi, mzaliwa wa milima ya Masisi, bado mgeni huku Kashebere. Juzi nilikwenda kwenye mazishi ya kaka yake Furaha, msichana ninayemfundisha. Kaka huyo alikuwa mchimbaji, akafunikwa na udongo kwenye mgodi wa Omate. Nilimkuta Furaha ameketi kando ya jeneza lililokwisha pigiliwa misumari, nikataka kumfariji kwa kitu ninachokijua.

Nikamweleza, taratibu kama darasani, habari za dada katika tamthilia ya Wagiriki wa kale aliyekubali kufa ili amzike kaka yake. Nikamlinganisha na dada wa riwaya moja ya siku hizi, ambaye hakuupata mwili, akazika shati.

"Ule wa kwanza njo dada wa kweli," nikasema. "Wa pili alijidanganya. Wewe uko na bahati, kaka yako iko hapa."

"Kuzika shati iko uongo, Mwalimu?"

"Kaburi bila muntu iko shimo tu, mwanangu."

Akalipapasa jeneza. Nikadhani amefarijika.

Tukaitwa kubeba. Marehemu alikuwa mtu wa miraba minne, kwa hiyo nikainua kwa nguvu zangu zote. Upande wangu ukaruka hadi kifuani, na ndani kitu kikabingirika.

Furaha akaushika ubao wa jeneza. "Polepole, Mwalimu. Ndani iko shina ya mugomba. Huku kwetu, muntu asipopatikana, njo vile tunamuzika. Sasa tumushushe mu kaburi, ao iko shimo tu?"