Bei Mbili za Mume Wangu

Watu waliosoma hupenda kusema kwamba mafundi wadogo hupunguza bei ukiwalipa taslimu kwa sababu wanakwepa kodi. Nikiwasikia huwa nanyamaza, maana nikifungua kinywa nitamtukana mtu. Mimi niliolewa na fundi wa namna hiyo. Kampala, enzi za utawala wa wanajeshi, mume wangu alikuwa na bei mbili kwa kazi ile ile, ya cheki na ya pesa mkononi, na wala hakuwa na ujanja wowote.

Tulikuwa Wakenya, tukikaa chumba kimoja Kamwokya. Yeye alikuwa mwashi aliyejipandisha cheo akawa kontrakta, yaani alikuwa na baiskeli, toroli mbili na vibarua aliowakusanya kazi ilipopatikana. Kilichomnyima usingizi ni saruji. Saruji ya kiwandani ilitolewa kwa kibali, na vibali walipewa wakubwa na wale tuliowaita mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa. Sisi wengine tuliinunua kwa magendo vichochoroni Kikuubo, na muuzaji wa magendo ukimwonyesha cheki anakugeuzia mgongo. Anataka noti, sasa hivi, kwa bei ya leo. Cheki ikipelekwa benki inalala huko wiki baada ya wiki, na ikija kuamka, pesa iliyotosha mifuko kumi inanunua mitano.

Ndiyo maana mteja wa cheki alitozwa zaidi. Mteja wa taslimu alipunguziwa, mradi alipe yote mwanzoni, na siku hiyo hiyo mume wangu alikimbia Kikuubo, akanunua saruji yote ya kazi hiyo, akaipanga juu ya mbao chini ya kitanda chetu. Nimelala juu ya saruji za watu miaka na miaka. Vumbi lake liliingia hadi kwenye unga. Nikilalamika, ananicheka kwamba wanawake wengine wamejengewa nyumba, mimi nimejengewa kitanda.

Mjane mmoja wa Mengo, mshonaji wa sare za shule, alitaka nyumba yake ya udongo ibomolewe ijengwe ya matofali pale pale, kwa kuwa hakuwa na kiwanja kingine. Aliposikia bei ya cheki alicheka tu. Aliposikia ya pesa mkononi aliomba siku mbili za kufikiri. Aliporudi alikuwa ameuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Alilipa zote. Nyumba ya udongo ikabomolewa, yeye akahamia jikoni kwa jirani, na saruji yake ikaja chini ya kitanda changu. Alifurahi sana mama yule. Alinishonea hata gauni bure.

Msingi ulikuwa umechimbwa tu, hata jiwe halijawekwa, alipokuja kapteni mmoja wa jeshi. Alikuwa amepewa nyumba ya Mhindi na sasa alitaka ukuta wa kuizunguka. Mume wangu, kwa mazoea ya ulimi, akamtajia bei mbili kama alivyomtajia kila mteja.

Kapteni hakupiga kelele. "Kwa nini ya cheki iko juu?" akauliza.

"Afande, saruji inapanda kila siku, na cheki inachelewa benki."

"Kwa hiyo wewe nasema pesa ya serikali naoza huko benki?"

Kuna watu waliotiwa kwenye buti la gari kwa maneno madogo kuliko hayo, na hawakurudi.

"Hapana, afande."

"Haya. Andika ile bei ya chini. Na wewe takamata cheki yangu. Kazi naanza kesho."

Kesho yake lori la jeshi lilisimama mlangoni kwetu kuchukua saruji ya ukuta, na saruji pekee tuliyokuwa nayo ni ile ya chini ya kitanda. Niliwaambia askari kwamba saruji ile ina mwenyewe, ni ya mjane. Mmoja wao, kijana mpole kwa kweli, akaniambia, "Mama, hata sisi iko na mwenyewe," kisha akainama kuvuta mfuko wa kwanza. Waliimaliza yote. Nilimchukia mume wangu siku ile kwa kusimama kimya, na nilijua vizuri kwamba angefungua mdomo ningekuwa mjane wa pili katika habari hii.

Watu hudhani cheki ile ilirudishwa. Haikurudishwa. Benki iliilipa yote, shilingi kwa shilingi, mvua zikiwa zimeshakolea. Kapteni hakutuibia hata senti ukitazama kwenye karatasi, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mume wangu aliipeleka pesa yote Kikuubo bila kujikatia ujira wake. Alipata saruji ya msingi na mistari michache ya matofali. Nyumba ya mjane ikafika magotini, ikasimama.

Mama yule alikuja kwetu jioni moja, nami nikajiandaa kwa matusi. Nilitamani atukane. Lakini alikaa kwenye kigoda, akapokea chai, akamtazama mume wangu, akamwita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, mimi sina maneno mengi. Lakini kama wewe ulinyamaza na ile bei ndogo, mimi ningeshindwa kulipa tu. Ningerudi kwangu, ningelala."

Aliyasema kwa upole. Akamaliza chai, akanishukuru, akaenda zake. Mume wangu alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, na sikumsogelea.

Tangu siku hiyo alikuwa na bei moja tu, ile ya juu, ukilipa kwa cheki au ukilipa kwa noti. Maskini walikuja na pesa zao mkononi, wakaisikia, wakamwita Mkenya mwenye tamaa, wakarudi kwenye nyumba zao za udongo. Hakuwahi kubishana na hata mmoja.